Kwale na Dungusi kwenye Meza ya Fundi Saa

Baba Kiduchu ni fundi saa, na nyumba yake ni chumba kimoja: huku kitanda, kule meza ya kazi. Pembeni mwa meza hiyo alikuwa na dungusi lake, mmea mnene kama kiganja cha mpiga ngumi, miiba pande zote. Miaka sita waliishi pamoja bila ugomvi.

Kisha shemeji yake, dada wa mkewe, akamletea mtoto Kiduchu zawadi ya kwale, na wiki hiyohiyo Kiduchu akaanza kutambaa.

"Mmoja anadonoa, mwingine anachoma," akasema Mama Kiduchu, mtoto kiunoni. "Humu watoshe wote wawili? Atoke mmoja. Na kwale ni wa mwanangu, haendi popote."

"Tusihukumu kwa macho, mke wangu. Tuwapime."

Saa yoyote aliyoitengeneza hakumrudishia mwenyewe mpaka ameitazama siku tatu. Basi akachukua daftari. Kushikwa: wote wawili hawataki. Maji: dungusi kijiko kimoja; kwale kikombe kizima, na nusu yake kaoga. Utulivu: dungusi halijasogea tangu lije, kwale kaingia kwenye kiatu cha fundi, kajisaidia humo, katoka na heshima zake.

"Dungusi halijawahi kunipigia kelele," akasema fundi, kifua mbele.

"Hata sufuria haijawahi, baba. Hiyo nayo ni sifa?"

Lakini moyoni fundi alijua anashinda. Kila alfajiri kwale alilia kama bati linalokwaruzwa, na Mama Kiduchu, ambaye ndiyo kwanza amembembeleza mtoto akalala, alijifunika mto kichwani. Siku ya tatu aliamka macho mekundu kama nyanya.

"Basi, nimeshindwa. Dungusi libaki. Kwale arudi kwa dada."

Mumewe alikuwa ameinamia daftari, kioo cha kukuzia kimembana jichoni.

"Saa kumi na moja kasoro dakika saba," akanong'ona. "Jana vilevile. Juzi vilevile. Mama Kiduchu, ndege huyu hapotezi hata sekunde!"

"Ndiyo maana nasema aondoke!"

"Kitu kinachokwenda sawasawa hivi nitakitoaje?"

Akalifunga dungusi ndani ya gunia, akalikumbatia, huyo barabarani kwenda kwa shemeji. Mkewe akabaki mlangoni anapiga kelele, "Baba Kiduchu! Nalipenda hilo dungusi! Lirudishe!"

Shemeji alipofungua mlango alimkuta fundi amesimama na gunia lake kifuani, machozi yanamlengalenga, asijue mwenyewe ni ya kuachana na dungusi au ni ya miiba.