External ilibaki na sura tisa: backup yangu ilivyoimeza sura ya tatu ya Bi Zuhura

Wakuu, habari za mchana.

Kuna uzi humu jamaa kaandika "mie nina backup, silali na presha". Nikacheka peke yangu, maana maneno kama hayo niliwahi kumwambia mtu mzima, yakanitokea puani. Nawasimulia kama yalivyokuwa, na ujinga wangu siupunguzi.

Miaka ya tisini mwishoni nilikuwa natype kwenye ofisi ya uchapaji pale Temeke. Kompyuta moja, printa moja, mashine ya photocopy moja. Mwenye ofisi alikuwa braza mmoja anayeshinda mjini kutafuta kazi, hapo ofisini mtaalamu ni mie.

Nilikuwa na kozi ya miezi mitatu tu, lakini ukinisikia ninavyoongea ungedhani kompyuta nimeizaa mwenyewe.

Mteja wangu mkubwa alikuwa Bi Zuhura, mkunga mstaafu. Alikuwa anatunga kitabu cha kuwafundisha kina mama mambo ya mimba na kujifungua. Macho yake yalishaanza kuingia ukungu, kuandika hawezi. Anakuja asubuhi, anakaa kwenye stuli, yeye anasema, mie natype. Sura ikiisha naichapa, anaipeleka nyumbani binti yake amsomee, wasahihishe kwa peni.

Alitaka kimalizike kabla macho hayajafunga kabisa. Alikuwa ananiambia hivyo kila siku, bila huzuni, kama mtu anayekuhimiza uwahi sokoni.

Tulifika sura kumi na nne. Kila sura nilikuwa naisave kwa jina lake: Sura ya kwanza, Sura ya pili, hivyo hivyo mpaka Sura ya kumi na nne. Nadhifu kabisa.

Sasa kompyuta ikaanza kukereza ndani, kre kre kre. Braza akapata external hard disk kwa ndugu yake aliyetoka Dubai. Wadogo zangu, msifikirie hizi za kutia mfukoni. Lile lilikuwa boksi zito kama tofali, lina waya wake wa umeme, na linachomekwa kule kule inakochomekwa printa. Ukitaka backup, printa unaichomoa kwanza.

Lilikuja na programu yake ya backup, ya zamani. Kila Ijumaa naiwasha. Kwa kila faili inaniuliza: faili lenye jina hili lipo tayari, niliandike juu yake? Sura zote, swali hilo hilo. Mie na haraka zangu nikaona inanichosha, nikatafuta kwenye setting nikaiambia ndiyo kwa yote, usiniulize tena.

Nikajiona kichwa kweli kweli.

Siku moja Bi Zuhura akasikia ule mkerezo. Akaniuliza, "Mwanangu, hii mashine ikifa, kitabu changu kinakwenda wapi?"

Nikamjibu, "Hakiendi popote, Bi Zuhura. Hata ikifa leo, kipo kwenye hilo boksi."

Wiki haikuisha. Umeme ulikatika, uliporudi kompyuta haikuwaka tena. Fundi mmoja wa Kinondoni akaja, akafungua, akasikiliza, akasema hard disk ya ndani ndio basi. Sikushtuka hata kidogo. Nikamwambia weka nyingine, mie data zangu ninazo.

Akaweka. Nikachomeka external, nikafungua folda ya Bi Zuhura, nikahesabu.

Faili tisa.

Nikahesabu tena kwa kidole kwenye kioo. Tisa.

Nikasema ishu ni waya. Nikabadilisha waya, tisa. Nikaingia kwenye setting za lile tundu la printa, nikajaribu kila kilichokuwepo, tisa. Nikaipima disk nzima nikitafuta kama ina ubovu, haina. Yule fundi naye akaipima, akaniambia, "Sista, hili boksi ni zima kuliko wewe."

Ndipo nikafungua faili moja moja. Nikafungua iliyoandikwa SURAYATA, nikitegemea sura ya tatu, ile ya mama kutokwa damu baada ya kujifungua. Nikakuta mambo ya kunyonyesha. Hiyo ni sura ya tano.

Wakuu, nilikaa chini.

Ile programu ilikuwa inajua herufi nane tu. Jina likizidi, inakata, na nafasi za katikati inazifuta. Kwa Kiswahili chetu kila kitu kinaanza na "Sura ya", kwa hiyo zinabaki herufi mbili tu za kutofautisha. Tatu inakuwa TA. Tano nayo TA. Kumi ni KU, kumi na moja KU, mpaka kumi na nne, zote KU. Kila moja ilikuwa inaandikwa juu ya mwenzake, na lile swali lililonichosha ndilo lilikuwa linanionya. Mie nikaliziba mdomo.

Bi Zuhura alipokuja nikampa shikamoo, nikamweleza yote, sikumsingizia umeme. Akasema sura ya kumi hadi ya kumi na tatu karatasi zake ziko kwa binti yake, bado wanasahihisha. Hizo ningezitype upya.

Sura ya tatu alisharudisha. Na zile karatasi, nasema kwa aibu, nilikuwa nimezigeuza nyuma nikajaribia printa, nikazitupa.

Akasema, "Maji yakimwagika hayazoleki. Washa, tuanze."

Nilikuwa nakumbuka sura ile ilivyoanza mara ya kwanza. "Mama mmoja alitokwa damu nyingi, tukachelewa kumpeleka hospitali." Nikaanza kutype kabla hajasema. Akaniwekea mkono begani ningoje.

"Andika hivi. Mdogo wangu Mwanahawa alitokwa damu nyingi, nikachelewa kumpeleka hospitali."

Vidole vikagoma.

"Umechoka?"

"Hapana, Bi Zuhura."

"Basi andika. Mara ya kwanza nilisema tukachelewa. Hatukuwa wengi mle chumbani. Nilikuwa mie."

Nilitype huku naifuta kibodi kwa kanga. Yeye hakulia, alisema dalili zote moja moja, na saa ngapi alipaswa kuondoka naye, na kwa nini hakuondoka. Sura ile ikawa ndefu mara mbili ya ile ya kwanza. Nikaisave kwa jina SURA03, nikaiweka kwenye external, nikaifungua kutoka humo humo kwenye boksi, nikamsomea mwanzo mpaka mwisho kabla hajasimama.

Mie bado ni mtu wa kujiamini, sijabadilika. Ila tangu siku hiyo backup ambayo sijaifungua nikaisoma siihesabu kuwa ni backup. Na kompyuta ikiniuliza swali, nasoma swali.

Kama una kazi ya mtu kwenye mashine yako, ifungue leo kutoka kwenye backup, uisome. Halafu rudi hapa utuambie umekuta nini.