Kopo la Mjomba

Mjomba alipokuja kukaa kwangu mjini, Mafiga, alibeba begi la nguo na kopo la kutemea. Begi alilisahau kwenye bodaboda, ikabidi lifuatwe. Kopo hakulisahau.

Alikaa nalo miguuni pale sebuleni, akitema mate ya kahawia yanayovutika kama mlenda. Nasema ukweli, nilimwonea kinyaa. Nilimtengea kikombe chake, nikawa nakiosha kwa maji ya moto, na bado sikuthubutu kukinywea.

Ugoro aliubana chini ya mdomo tangu sijazaliwa. Kwetu milimani ukoo unafuata mama, na kaka wa mama ndiye mwenye sauti. Ndiye aliyegawa mashamba ya ukoo, ndiye aliyekubali posa yangu, na kikao hakikuanza mpaka atie vidole kwenye kikebe chake, avute mdomo, abane kidogo. Kutwanga ilikuwa kazi yangu nilipokuwa mdogo: majani makavu ya tumbaku na magadi kwenye kinu kidogo, mpaka vumbi linipalie na machozi yanitoke. Akionja akasema, "Huu ndio ugoro," nilitembea wiki nzima kichwa juu.

Kidonda kilianza kama doa jeupe, pale pale anapobania. Kilipoanza kuuma alikitibu kwa dawa ya kule kwetu. Jino likikuuma unaliwekea ugoro, panakufa ganzi, basi. Akauongeza. Maumivu yakapungua, akatangaza kwamba amepona. Siku moja nilipanda nyumbani, nikaona jinsi mdomo ulivyovimba, nikataka kumwambia aende hospitali. Mama alinifinya paja.

"Mjomba wako hafunguliwi mdomo na mtoto," alininong'oneza.

Nikanyamaza, mtu mzima na akili zangu. Eti heshima! Tulikaa tunakiheshimu kidonda, nacho kikaendelea kula.

Alipokubali kushuka mjini, mdomo ulikuwa umetoboka na chai ilimvujia kidevuni. Harufu yake iliingia hadi kwenye mapazia. Hospitali walikata kinyama wakapime. Tulipofuata majibu, mimi na yeye na Mama aliyeshuka kumuuguza, daktari alisema ni saratani, imeshafika shingoni, na kuikata hakutasaidia tena. Kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Akauliza kama mzee anatumia tumbaku.

"Sigara sijavuta maisha yangu yote," Mjomba alijibu kwa majivuno, maneno yakimtoka kwa shida.

"Kweli kabisa, daktari," Mama akadakia. "Kaka yangu hajawahi."

Niliwatazama wote wawili. Hawakuwa wanadanganya. Kwao tumbaku ni ile inayotoa moshi.

"Anatumia ugoro," nikasema. "Kila siku."

Mjomba alinikodolea macho kama nimemvua nguo mbele za watu. Tuliporudi kwangu hakunisemesha mpaka kesho yake asubuhi, aliposhindwa kumeza uji. Akaniita.

"Nitwangie, mwanangu. Wa dukani hauna makali."

Nilitaka kukataa. Nilitaka kulitupa lile kopo lake shimoni, na kile kinu Mama alichoshuka nacho juu yake. Lakini daktari alikuwa ameshasema hakuna cha kuokoa, na vidonge alivyotuandikia vilikuwa havimtulizi. Mama alikuwa ameshafungua pindo la kanga, majani haya hapa, magadi haya hapa. Nikachukua kinu nikakaa uani. Nilitwanga kwa hasira, na mikono yangu bado ilikijua kipimo cha magadi.

Nilipomaliza, Mama alikuja kuuchukua ampelekee. Akachota kwa vidole viwili, akageuka pembeni, akavuta mdomo wake wa chini. Pale ndani, juu ya fizi, niliona doa jeupe.

Akabana, akameza mate, akanitazama kwa furaha.

"Huu ndio ugoro," akasema.