Mashine ya Gemu Niliyomjengea Kaka Elia

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa kahawa, mwanangu, nikisukuma mkokoteni kutoka karakana ya pale Mlowo kuelekea nyumbani kwa mama. Juu ya mkokoteni nilikuwa nimelaza kitu kirefu, nimekifunika shuka. Karakana yetu ilitengeneza vitanda, milango na majeneza, kwa hiyo kila mwanamume niliyempita alivua kofia. Mama mmoja muuza ndizi akaniuliza kwa sauti ya chini, "Gidi, ni nani tena?" Nikacheka. Nikamwambia hakuna msiba, aje nyumbani aone jambo.

Kabla sijakueleza jambo lenyewe, nikujulishe kwanza kaka yangu Elia. Miaka ile ya tisini, biashara ya mpakani ilipoanza kuchangamka, alikuwa utingo wa malori yaliyokwenda na kurudi kati ya Mbeya na Tunduma. Kijana wa maneno mengi na vicheko. Kila gari lao lilipokaa foleni Tunduma, alivuka upande wa Zambia kwenda kucheza gemu kwenye baa moja. Ilikuwa mashine kama kabati, ina televisheni kifuani. Unatumbukiza sarafu, unashika kirungu, unabonyeza vitufe, na vijimtu vinapigana humo ndani. Akirudi nyumbani alitusimulia mapambano yale kama vile yeye ndiye aliyepigwa ngumi.

Siku moja akaanguka kutoka juu ya shehena ya magunia. Hospitali walimrudisha akiwa hai, lakini miguu haikurudi. Kanisa likampatia kiti cha magurudumu. Tangu hapo maneno yakamwisha. Alishinda barazani akitazama barabara, akitambua malori kwa muungurumo tu, na mara mojamoja dereva wa zamani alimpigia honi naye akainua mkono.

Mimi nilikuwa kijana mwenye nguvu na ufundi mikononi, na kuona kaka amekaa vile kulinichoma. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Nikaamua kumjengea mashine ya gemu, yake mwenyewe, aiweke barazani, watoto wa mtaa waje kucheza, apate shughuli na riziki. Nikaamua pia asijue mpaka iishe. Siku hizi ninyi mnaita sapraizi.

Tunduma kulikuwa na mfanyabiashara wa Kizambia, Mama Chanda, ambaye alikuwa na mashine iliyokufa stoo. "Mwaiseni, mukwai," akanikaribisha, akanionyesha. Mbao zilikuwa zimeoza kwa mvua na mchwa wamejilia, lakini matumbo yake yalikuwa mazima. Tukapatana nimtengenezee kaunta ya duka, naye anipe mashine yote.

"Unaifungulia biashara?" akaniuliza.

"Ni ya kaka yangu. Hawezi kutembea."

"Yeye ndiye amekutuma?"

"Hajui, mama. Nataka kumshtukiza."

Akatikisa kichwa. Sikujishughulisha kujua alikuwa na maana gani.

Nikaifanya kazi ile kwa moyo wote, mwanangu, sitakudanganya. Zile mbao zilizooza nilizilaza juu ya plaiwudi mpya, nikazichora kwa penseli, nikakata kwa kufuata mstari. Kingo nikazitia mninga. Kichwa cha kirungu kilikuwa kimepasuka, nikachonga kingine kwa mti wa kahawa, ambao ukiupiga msasa unateleza kama mfupa. Vitufe vilivyolegea nikavitilia springi za kalamu. Televisheni na nyaya nilimwachia fundi redio wa jirani. Nilipotaka kugusa nyuma ya kioo akanipiga kofi mkononi. "Hiyo inaua hata ikiwa imezimwa," akasema. Kwa hiyo nyuma nikaweka mlango wenye kufuli.

Mwenye karakana, Mzee Mgala, aliyenifundisha kazi, alipita siku tuliyoiwasha. Akatazama vijimtu vikirukaruka.

"Elia ameiona?"

"Bado, Fundi. Ni siri."

Akarudi kwenye randa yake.

Basi asubuhi ile nikafika nyumbani, tukaisimamisha barazani, pale pale Elia alipozoea kukaa. Jirani wakajaa uani. Nikavuta shuka, nikawasha umeme, muziki ukalia, watoto wakapiga kelele. Mama akamsukuma Elia kutoka chumbani.

Nikamwona anatabasamu. Kisha kiti kikafika mbele ya mashine, na tabasamu likaishia hapo. Nilikuwa nimefuata kipimo cha mashine ya baa, ambayo watu huicheza wakiwa wamesimama. Macho ya Elia yalikuwa yanatazamana na tundu la sarafu. Kirungu kilikuwa juu ya paji la uso wake. Kioo hakukiona kabisa.

Vijana wawili wenye nia njema wakamshika makwapani wakamwinua. Akacheza kidogo, ananing'inia kama nguo kwenye kamba, miguu ikibembea. Kisha akasema, "Niteremsheni."

Akanigeukia. "Asante, mdogo wangu. Umejitahidi." Akarudi ndani.

Baada ya hapo mashine ikawa ya vijana wa mtaa. Baraza likajaa kelele na vumbi la miguu yao. Elia hakukaa tena pale. Alihamia nyuma ya nyumba, karibu na banda la kuku, mahali ambapo hata lori halionekani. Honi zikipigwa barabarani, hakukuwa na wa kuinua mkono.

Nami, badala ya kuona aibu, nikaona hasira. Nikaenda kumlalamikia Mzee Mgala. "Fundi, kaka yangu hana shukrani. Nimejinyima, nimefanya kazi ile yote, ananisusia."

Mzee akaweka randa chini. "Gidi, mtu akija kutaka mlango, unafanya nini?"

"Namuuliza anataka wa namna gani, halafu nakwenda kupima."

"Akitaka kitanda?"

"Vivyo hivyo."

"Humu karakanani ni nani tunayempima bila kumuuliza?"

Akaningoja mpaka nikajibu. "Maiti, Fundi."

"Basi ndivyo ulivyomfanya kaka yako, naye yu hai."

"Lakini Fundi, mgonjwa haulizwi uji."

"Elia anaumwa? Ana homa? Miguu ndiyo iliyolala, ulimi haujalala. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nenda ukamuulize mwenye kitanda."

Nikarudi nyumbani moja kwa moja. Nilimkuta kaka kule nyuma, kuku wakidonoa karibu na magurudumu yake. Nikakaa chini kwenye vumbi.

"Kaka, nilipaswa kukuuliza kabla. Nakuuliza leo. Unataka nikufanyie nini?"

Alikaa kimya muda mrefu hata nikadhani hatajibu.

"Mlango wa choo," akasema.

"Una nini?"

"Mwembamba. Kiti hakipiti. Kila nikitaka kwenda, mama ananibeba mgongoni. Mama yetu, Gidi, na mgongo ule. Mimi siku hizi nakunywa maji kidogo ili asinibebe mara nyingi."

Mwanangu, mimi nilikuwa nakula na kulala katika nyumba ile, na kazi yangu ni kutengeneza milango.

Nilianza siku ile ile. Nikavunja ukuta, nikaupanua mlango, nikaweka fremu mpya, nikamwaga zege la mteremko ili magurudumu yapande, na pembeni nikafunga bomba la kujishikia. Kila kipimo alikitoa Elia mwenyewe: hapa shusha, hapa ongeza. Zege lilipokauka akaingia peke yake, akafunga mlango. Mama alibaki amesimama uani, mikono haijui ishike nini. Kisha akaingia jikoni, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, akasingizia moshi.

Elia alipotoka akaniambia, "Sasa ile mashine yako. Lete msumeno."

Tuliikata sehemu ya chini. Akasogeza kiti mbele yake, akanyoosha mikono, akaniambia nikate tena. Televisheni tukailaza kidogo itazame juu. Aliyetaka kucheza alikaa kwenye kigoda, na ikawa hata watoto wadogo wanafikia, hata mama muuza ndizi alijaribu akapigwa vibaya na mtoto wa jirani, tukacheka wote. Elia alisema mashine ihamie upande wa pili wa baraza ili yeye aone barabara, ikahamia. Hakuna aliyemshinda kwa vile vitufe, na maneno yake yakarudi, mengine ya kero kabisa. Baadaye zikaja gemu ndogo za kisasa na watu wakaiacha ile yetu. Yeye akahamia kwenye kuchaji simu na kuuza vocha. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Basi, mwanangu, sikukatazi kutenda wema. Wema ni deni letu sote. Ninachokuambia ni kwamba kabla hujampelekea mzazi wako sofa uliyoichagua wewe mjini, kabla hujamjengea bibi nyumba ya bati akiwa anapenda jiko lake la nje, kaa chini karibu naye umuulize. Ukishauliza, nyamaza, maana jibu la kweli huchelewa kutoka. Na likitoka dogo, likiwa la choo na wewe ulitaka kujenga ghorofa, anza na choo.

Mungu akujalie mikono isiyochoka, na masikio yanayoitangulia mikono hiyo. Na siku itakapokufikia zamu ya kubebwa, akupe watu watakaokuuliza kwanza unapenda kubebwa vipi. Amina.