Nilimtaja Mdogo Wangu kwa Simu

Kosa ni langu. Nimeficha jina kwa woga, msidhani ni unyenyekevu.

Nina mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo. Sote wawili tulipewa jina la babu yetu, kama ilivyo desturi ya kwetu, kwa hiyo hata hapa Toronto barua zetu zilikuwa zikichanganyika. Alipotoka Tanga alifikia kwangu Rexdale, akapata zamu kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege. Mtu mpole, analeta nyama nyumbani bila kuambiwa.

Wakati huo mimi na mke wangu tulitaka kununua nyumba Markham. Nilishawatangazia watu msikitini, mjinga mimi! Dada wa benki akatazama kompyuta, akasema rekodi yangu ya mikopo ina gari lililokopwa na halikulipwa.

"Sijawahi kukopa gari," nikasema.

"Kuna mwingine mwenye jina lako kwenye anwani yako?"

Lo! Shahada zangu zote za chuo kikuu ziliniacha pale pale kitini. Sikumuuliza mdogo wangu hata neno. Nilipigia simu kampuni inayotunza rekodi hizo, nikasema kwa Kiingereza changu cha mihadhara, "Deni hilo ni la ndugu yangu ninayeishi naye."

Nilisema kama mtu aliyeona. Sikuona chochote! Mdogo wangu hana hata leseni. Anapanda basi la Kipling.

Rekodi yangu ikasafishwa. Tukahamia Markham. Deni likahamia kwake.

Hilo sikulijua mpaka majuzi. Anatafuta nyumba ya kupanga St. James Town ili mkewe aje na mtoto. Kila mwenye nyumba akitazama rekodi yake, anamkatalia. Akanipigia.

"Kaka, eti nilikopa gari! Mimi, ambaye hata baiskeli ilinishinda!" Akacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe.

"Makosa ya kompyuta hayo," nikamwambia.

"Nimefuatilia. Gari ni la mtu wa Alberta, jina letu hili hili. Kumbe tuko wengi!"

Nikaenda kwa mwanasheria kwa siri, nikijifanya namuulizia rafiki. Akanieleza kwamba mtu akinyimwa nyumba kwa sababu ya rekodi ya uongo, naye ana ushahidi wa kunyimwa huko, anaweza kushtaki.

"Kuishtaki kampuni?"

"Kampuni, na pengine aliyewapa uongo huo. Simu zao hurekodiwa."

Hurekodiwa! Kumbe sauti yangu imekaa mahali, inasubiri.

Jana mdogo wangu alipiga tena, amechangamka. "Kaka, nimepata wakili. Kesi ninayo! Ameiomba kampuni simu zote walizorekodi. Kiingereza chao kinanipita kasi, njoo Jumatano tusikilize pamoja, unitafsirie."

"Usijali," nikasema. "Nitakuwepo."

Ningeweza kumwambia pale pale. Badala yake nilimuuliza hali ya mkewe. Akasema ameshaanza kuaga majirani.

Ndugu zangu, jina lako likichafuka, muulize wa nyumbani kwako kabla hujamtaja kwa wageni. Muulize hata kwa matusi, lakini muulize! Atakununia wiki nzima, kisha mtakula pamoja. Mimi niliona aibu kuuliza, na Jumatano nitaketi ubavuni mwake kwa wakili, nimtafsirie nilichosema.