Turubai la Fidelina

Fidelina alipotangaza nyumbani kwamba anakwenda chuo kusomea tiba ya upumuaji, kaka yake Rodel alicheka hadi akashika mbavu.

"Kusomea kupumua? Mbona mimi napumua bure tangu nizaliwe, na sijafeli hata siku moja?"

"Kwa tembo unalobugia, utafeli tu," baba yao, Tatay Policarpo, alimjibu, kisha akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

Mzee huyo alikuwa mkausha mbata. Maisha yake yote aliyamalizia juu ya tanuri la makumbi, akigeuza nazi katikati ya moshi, na moshi ulikuwa umeshahamia kifuani mwake. Kila mzazi pale kisiwani Leyte, Ufilipino, alimtakia binti yake uuguzi, maana wauguzi huenda ng'ambo wakarudi na friji. Fidelina alimtaka baba yake apumue, basi.

Wakauza nguruwe, wakauza na nyati wao wa kulimia. Fidelina akakesha na vitabu vya mapafu na mashine, akafanya mazoezi wodini, na mtihani wa leseni ulipokuja, akaupita. Baba hakungoja kuambiwa. Alikwenda mjini akachapisha turubai, kama wafanyavyo wote wenye mtoto aliyefaulu: uso wa Fidelina, mkubwa kuliko mlango wa nyumba yao, na chini yake maandishi mekundu yenye jina la kumdekezea binti, HONGERA INDAY FIDELINA, MTAALAMU WETU WA UPUMUAJI. Akalifunga mwenyewe kwenye minazi mbele ya uwanja, kwa mafundo ya mkwezi. Wengine huyashusha ya kwao baada ya miezi michache. La Policarpo lilipigwa jua na mvua miaka nenda rudi.

"Tay, lishushe jamani. Watu wananicheka."

"Wacheke! Hao wa kwao wametundikwa wapi?"

Fidelina aliajiriwa hospitali ya mkoa. Wenzake wa chuo walipaa mmoja mmoja kwenda Uarabuni. Yeye alibaki karibu na kile kifua. Nako hospitalini, mashine za kupumulia hazikutosha hata siku moja, na wakubwa walikuwa na haraka zaidi ya kununua magari. Mgonjwa asiyepata mashine aliwekewa mpira wa kusukumia hewa kifuani, na ndugu zake wakaubana kwa mkono, kwa zamu, usiku na mchana. Kazi ya Fidelina ikawa kuwafundisha. Kosa lao lilikuwa lile lile: walibana mbio, kwa hofu na mapenzi.

"Taratibu," aliwaambia. "Bana, achia. Pumua naye. Ukimbana mbio unamuumiza."

Kisha siku moja Rodel akamleta baba yao mgongoni, midomo imekuwa ya buluu.

Mashine zote zilikuwa na watu. Fidelina aliushika mpira mwenyewe, akaanza kubana. Kwenye kitanda cha jirani alilala Jovelyn, mama aliyetoka kujifungua, ambaye mtoto wake hata jina hakuwa amepewa, na mumewe, Arnel, alikuwa akimbania mpira huku vidole vimemvimba. Arnel aliangalia pembeni kwa muda, akashindwa kunyamaza.

"Ate, dada yangu, samahani. Unabana mbio. Pumua naye."

Fidelina alijibana midomo asilie, akapunguza mwendo.

Kesho yake mashine moja ikapatikana. Dokta Ybanes alimwita kando.

"Uamuzi ni wangu," alisema, "lakini mapafu ya baba yako unayajua kuliko mimi. Sema wewe. Ukitaka awekewe yeye, sitakulaumu, haki ya Mungu."

Mungu wangu, mtu anaulizwaje swali kama hilo? Aliyajua mapafu yale, ndiyo aliyoyasomea. Yalikuwa yamekwisha. Mashine ingemrefushia siku tu, na Jovelyn angekufa akiwa na mapafu yanayoweza kupona. Laiti asingesoma! Asiyesoma angelia tu, "Mpeni baba yangu," na dunia nzima ingemwelewa.

"Mpeni Jovelyn," alisema.

Mama yake, Nanay Basilia, hakuwapo. Alikuwa amepiga magoti katika kanisa dogo la hospitali, akiomba mashine ipatikane.

Fidelina alimnong'oneza baba yake sikioni alichokifanya. Mzee alifumbua macho, akayafumba. Kama alisikia au hakusikia, Fidelina hakupata kujua. Jioni ile alifariki, mpira ukiwa bado mkononi mwa binti yake.

Katika matanga, uwanja ulijaa wageni na wacheza karata, kama ilivyo desturi ya matanga ya kwao, na jua lilikuwa kali. Rodel alilivuta turubai, akalifunga upande mmoja kwenye paa liwe kivuli. Upande wa pili ulibaki kwenye minazi kama baba alivyoufunga. Hivyo watu walikula wali chini ya uso wa Fidelina anayetabasamu.

Siku ya mwisho akaja Arnel na mfuko wa mikate. Alimshika Basilia mkono, akauweka kwenye paji la uso wake kwa heshima.

"Nanay, nimekuja kushukuru. Mke wangu anapumua mwenyewe sasa. Dokta ameniambia ile mashine mumeo angeweza kuipata, binti yako akasema apewe Jovelyn. Sijui nikulipe nini."

Basilia alimpokea mikate, akamkaribisha chakula. Kisha akamgeukia binti yake.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, Nay. Asingepona. Mapafu yake..."

"Mimi nilikuwa nimepiga magoti pale kanisani, Inday."

"Najua, Nay."

Basilia aliinua macho, akautazama ule uso unaotabasamu. "Rodel," aliita, "shusha hilo turubai."

"Nay, na jua hili? Wageni wataungua!"

"Nimesema lishushwe."

Rodel alibaki ameduwaa, hajui kulikoni. Fidelina ndiye aliyepanda juu ya benchi. Mafundo ya Rodel yalifunguka mara moja. Akahamia kwenye mnazi, kwenye mafundo ya baba, nayo yakagoma. Yalikuwa yamekauka na kukaza kwa miaka yote ile. Aliyachokonoa kwa kucha hadi zikatoka damu, machozi yakimdondoka, na wacheza karata wakaacha kucheza. Nanay Basilia alisimama mlangoni akimtazama, wala hakumletea kisu.