Niliongeza nguvu gari la mjomba kwa siri, anayenuniwa ni shemeji yangu

Aliyetuandikia tumemficha, na jina la shemeji yake tumelibadilisha. Maneno ni yake mwenyewe.

Admin, asante kwa kunificha, maana hapa Mandawa tunafahamiana mpaka kikohozi. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, nina mke na watoto, nalima korosho na ufuta. Nilipooa nilihamia upande wa mke kama wengi wa kwetu, na mwenye kauli pale nyumbani ni mjomba wa mke wangu. Mjomba ana pikapu ya dizeli, ya zamani, yenye turbo, inayovuta matairi yote manne. Tulikuwa tunaiendesha kwa zamu mimi na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, nimwite Shamte. Mjomba alitupa sharti moja tu: "Injini yangu msiichokonoe. Nimezoeana nayo hivyo hivyo."

Siku moja tulikwenda harusini Marambo. Nilikuwa nimepakia akina mama, na ule mlima wa kabla ya kufika gari lilipanda taratibu kweli. Tuliposhuka, mtani wetu mmoja, mama mtu mzima, akaliendea gari akaliinamia. "Shikamoo babu," akaliambia. "Umepanda mwenyewe au umebebwa?" Kisha akanigeukia: "Na wewe mkwe, ulikuwa unaendesha au unachunga?" Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Utani ni utani, unacheka au unarudisha, mtani hachukiwi. Mimi nilichukia. Nilikula pilau ya watu nimenuna, mtu mzima na ndevu zangu.

Wiki ile ile nikapeleka gari Nachingwea kwa fundi. Nikamwambia nataka nguvu. Akafungua pampu imwage dizeli nyingi zaidi, akaikaza turbo isukume hewa zaidi, akanionya kwa utulivu: "Litakimbia, lakini litakuwa linapata joto haraka. Ukipanda mlima na watu angalia mshale wa joto, mshale ukianza kupanda toa mguu kwenye mafuta. Na mwenzako mwambie." Nikamjibu nitamwambia. Nyumbani nikasema nimebadilisha oili na chujio tu.

Jamani, nisiwadanganye, nililifurahia. Milima yote nilikuwa naruka, moshi mweusi nyuma, vijana wa bodaboda wananipigia honi. Shamte aliniuliza siku moja, "Shem, mbona gari limechangamka?" Nikamjibu ni oili nzuri. Kumwambia ukweli nilishindwa, kwa sababu angemwambia mjomba. Hapo ndipo nilipoharibu.

Baadaye dada mkubwa wa mjomba akafariki Kilimarondo. Huyo ndiye aliyemlea mjomba tangu mama yao alipofariki, alikuwa anamwita mama. Mimi nilitangulia na pikipiki kusaidia kuchimba kaburi. Shamte akabaki awalete mjomba na wazee, maziko yakiwa alasiri. Tulichimba, tukamaliza, tukasubiri. Simu zao hazipatikani. Tuliswali alasiri, tukasubiri tena, mpaka shehe akasema marehemu hawezi kuendelea kusubirishwa. Tukamzika. Mimi ndiye niliyeingia kaburini kumpokea, nafasi ambayo ilikuwa ya mjomba.

Walifika kaburi limeshafukiwa, wakiwa kwenye lori la watu. Mjomba hakulia. Alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya udongo, akakaa hivyo muda mrefu. Nikamuuliza Shamte kimetokea nini, akasema gari lilikuwa linapanda vizuri tu, mara likatoa mvuke, likazima palepale porini. Mimi peke yangu ndiye niliyejua sababu.

Fundi wa Ruangwa mjini aliyelifungua alikuta silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya injini, imepasuka kwa joto. Kila mtu akasema Shamte aliondoka bila kuweka maji kwenye rejeta. Akaapa kwamba aliangalia. Mjomba akamuuliza, "Uliangalia kwa macho ya nani?" Tangu siku hiyo hamwitikii salamu. Kijana anasema shikamoo, mzee anatazama mikorosho. Mke wangu analia, mdogo wake amekonda, chakula anakigusa tu.

Gari lilipopona, mjomba aliniita mbele ya watu wote akanikabidhi ufunguo. "Bora huyu niliyepewa na Mungu," akasema, "kuliko damu yangu." Nilipokea. Na safari yangu ya kwanza ilikuwa Nachingwea, kumwambia yule fundi azirudishe pampu na turbo kama zamani. Sasa ushahidi hakuna, umebaki mdomo wangu.

Juzi Shamte kanifuata shambani. "Shem, mjomba anakusikiliza wewe. Nisindikize nikaombe radhi. Nitakubali kwamba sikuweka maji." Nikamuuliza, si ulisema uliangalia? Akasema, "Niliangalia. Ila nimechoka kusalimia bila kuitikiwa." Kisha akanishukuru, akasema mimi ndiye kaka pekee aliyebaki naye. Nilijifanya nang'oa magugu ili asinione uso.

Nikisema ukweli, mjomba anaweza kunirudisha kwetu na begi langu, na mke sijui kama atanifuata. Nikinyamaza, kijana wa watu ataomba msamaha wa kosa langu, na mimi nimekaa pembeni yake naitikia dua. Aibu niliyonayo hata kuswali nyuma ya mjomba siwezi, nasingizia mgongo.

Tunakwenda Ijumaa tukitoka msikitini. Nisemeni mnavyotaka, nastahili, lakini mnisaidie na hili: nimwache aseme hilo la maji, au nimkatishe kabla hajafungua mdomo?