Difu Iliyombeba Marehemu Nusu ya Njia

Simu ya kifo cha mbishi mwenzangu ilinikuta gereji, pikapu yangu ikiwa juu ya jeki na difu imeshushwa chini kama utumbo wa ng'ombe. Mjane wake aliongea kwa kifupi. Mumewe amefariki alfajiri hospitalini hapa Singida Mjini, anazikwa leo leo kwao upande wa Mgori kabla jua halijazama, na mvua imeharibu njia kiasi kwamba kila mwenye gari la kukodi anakataa kupita mbugani. Je, shemeji, la kwako linapatikana? Nikajibu linapatikana. Mimi sijawahi kumwambia mtu kwamba gari langu halipatikani. Nikakata simu, nikabaki nalitazama gari lisilo na difu.

Wanaosoma safu hii wananijua. Nimeishia darasa la nne, nimeanza na baiskeli na matenga ya kuku, na leo nina duka, ghala na magari, wala hakuna mjomba aliyenishika mkono. Marehemu naye alikuwa na pikapu, akinunua vitunguu na alizeti vijiji vilevile ninavyonunua mimi, mpaka figo zilipomwangusha akaiuza. Hatukuwa marafiki, tusidanganyane. Tulikuwa watu wa kubishana. Nikifika mnadani nikakuta hayupo, siku inakuwa ndefu.

Ubishi wetu mkubwa ulikuwa difu. Kwa asiyejua, difu ni ule mtambo wa katikati ya matairi ya nyuma unaoyagawia nguvu ya injini, na ya kawaida ina tabia ya ajabu: tairi moja la nyuma likiteleza kwenye tope, nguvu yote inakimbilia hilohilo linaloteleza, na lile lililoshika pakavu linabaki linatazama. Dawa ziko mbili. Kuna difu ya kufunga kwa swichi, ukibonyeza matairi yote mawili yanazunguka pamoja kama yameungwa kwa nondo. Na kuna inayojikaza yenyewe, inalibana kidogo tairi linaloteleza na kumpa jirani yake nguvu, dereva hagusi kitu. Mimi nilikuwa mtu wa swichi. Nikifunga, nimefunga. Yeye alisema njia zetu ni tope hapa, kokoto ngumu pale, na ukisahau kuifungua gari linagoma kukata kona, au unakata ekseli. Siku moja tunakunywa chai na madereva wa Kiomboi akaniambia mbele yao wote, "Tajiri, swichi ni ya mtu anayekumbuka. Wewe indiketa yako inawaka tangu Jumapili." Wakacheka mpaka mama wa chai akaweka birika chini. Nikamjibu kwamba difu yake ni ya watu waoga, na kwamba siku atakapokwama nitapita pembeni nikimpigia honi.

Basi pale gereji fundi alikuwa nazo zote mbili mezani, kutoka kwenye magari yaliyokatwa, na mimi nilikuwa nimeshachagua ya swichi. Fundi akasema ile bado haijavutiwa waya, ukiitaka ni jioni. Hii inayojikaza tunaipachika, tunamwaga oili, mchana unaondoka. Nilizunguka lile gari sijui mara ngapi. Nikatoka nje, nikarudi. Mwishowe nikamwambia aweke inayojikaza, chaguo la marehemu. Moyoni nilihisi amenishinda akiwa ndani ya sanda, na sikupenda.

Tukaondoka na jeneza nyuma, kaka yake mkubwa amekaa nami mbele, vijana wa ukoo wamelishikilia. Na ukweli uandikwe: kwenye mteremko ule wa kokoto zilizolowa, pale ninapopaogopaga, gari lilikata kona kama liko kwenye lami. Kisha tukaingia mbugani kwenye udongo mweusi, na karibu na korongo ukingo ukamomonyoka. Tairi la kulia likazama, la kushoto likaning'inia hewani. Difu inayojikaza haina la kufanya hapo, maana tairi lisilogusa chochote huwezi kulibana likakusikia. Nikavuta handibreki kidogo ili difu ipate cha kubana, nikakanyaga mafuta. Likazunguka hewani tu. Ya swichi ingetutoa. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile nilikuwa na haki mbele yake, ushahidi uko wazi, naye amelala nyuma yangu hawezi kujibu. Nikazidi kukanyaga. Jua linashuka, moshi umejaa, na mimi sitaki kushuka kwa sababu niliahidi kumfikisha.

Kaka yake akaweka mkono juu ya usukani. "Zima gari, bwana mkubwa. Ubishi wenu umekwisha. Huyu sasa ana haraka ya kuzikwa."

Nilipozima ndipo nikaona ng'ambo ya korongo. Watu wanakuja kutoka kijijini kwa miguu, wengi, viatu mikononi, suruali zimekunjwa. Hawakuitwa kuja kusukuma. Walijua njia ilivyo, wakaja kumpokea. Walilitwaa jeneza mabegani, wakabadilishana kila hatua chache, kila mmoja anataka zamu yake, na mmoja akaniambia mke wake alijifungulia salama hospitalini kwa sababu marehemu aligeuza gari lililojaa vitunguu vya watu. Nami nikavua viatu. Bega langu likapata zamu mara moja tu, wenyewe wakanitoa. Tulimzika jua likiwa bado linaonekana.

Tangu siku hiyo situlii. Mnadani nafika nakaa, nainuka, nanunua bila kubishana. Fundi ananiuliza kama abadilishe difu, namwambia asubiri. Anayeniuliza mimi achague ipi, namjibu hivi: kama njia yako ni kokoto na mvua za kawaida, weka inayojikaza, kama unaingia makorongo kila wiki na kichwa chako kinakumbuka, weka ya swichi. Hilo fundi yeyote atakwambia. Ninaloongeza mimi, mtu wa magari mengi, ni kwamba hakuna difu isiyokwama. Hesabu yako ya kweli, wewe unayejisifu barabarani, ni watu watakaovua viatu siku gari litakapokwama na wewe umelazwa nyuma. Mimi ya kwangu nimeanza kuifanya, na siipendi.